Siku Sita kwa Masista wa Sari Nyeupe

Nianze na jambo ambalo kwa muda mrefu sikutaka mtu alijue. Siku nilipofunga sanduku kwenda India, mwezi wa Julai 2018, nilikuwa na furaha isiyotokana na safari. Nilifurahi kwa sababu kwa majuma mawili nisingemlisha mama mkwe wangu.

Mama alikuwa amepata kiharusi miaka mitatu kabla ya hapo. Upande wake wa kulia ulilegea kabisa, na maneno yakapungua mpaka yakabaki machache. Mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, kwa hiyo tulimchukua kijijini tukamleta kwetu Morogoro. Kumwogesha, kumgeuza kitandani ili mgongo usitoke vidonda, kumfulia mashuka, kumlisha uji kwa kijiko, zote zilikuwa kazi zangu. Mwaka wa kwanza nilizifanya kwa moyo. Mwaka wa pili nilizifanya kwa mazoea. Mwaka wa tatu nilizifanya huku nimeuma meno.

Alikuwa na tabia ya kufumba mdomo kijiko kinapomfikia. Mara nyingine alipokea, kisha akautema uji wote kwenye kanga yangu. Asubuhi moja nilikuwa nimechelewa kazini. Nilimshika kidevu kwa nguvu nikamfungua mdomo kama mtu anayemnywesha ndama dawa. Nilipoinua macho nilimwona mwanangu wa mwisho, wakati huo akiwa na miaka tisa, amesimama mlangoni. Hakusema neno. Aligeuka akaenda zake.

Na bado kila Jumamosi katika jumuiya yetu akina mama walinisifu. Walisema nina moyo wa pekee, na kwamba thawabu yangu iko mbinguni. Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku nilipopiga magoti kusali niliona kama nasema na ukuta. Nilijiuliza kama mimi ni Mkristo kweli, au ni mke wa watu anayeogopa maneno ya ndugu.

Ndipo binti yetu mkubwa akapata nafasi ya kusoma Kolkata, mji ambao zamani uliitwa Calcutta mpaka jina lake lilipobadilishwa rasmi mwaka 2001. Baba yake hakupata ruhusa kazini, ikabidi nimsindikize mimi. Wifi yangu alikuja kutoka Dodoma kukaa na mama. Nilimwonyesha dawa, nikamwonyesha mashuka. Sikumwambia habari ya kijiko.

MJI WA MVUA NA VITABU

Tulifika usiku, baada ya kubadilisha ndege na baada ya maofisa wa afya kukagua kadi zetu za njano za chanjo. Mvua ilikuwa ikinyesha kama imefunguliwa bomba. Julai ni katikati ya masika yao, na joto halipungui hata kidogo, kwa hiyo mtu hulowa kwa mvua nje na kwa jasho ndani. Teksi yetu ya njano, gari la mtindo wa kizamani lenye mabega mapana, ilipita katika maji yaliyofika nusu ya magurudumu.

Asubuhi niliona mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza ni riksho zinazovutwa na mtu kwa mikono, mzee mwembamba, miguu mitupu, akimkokota mwanamume mnene mwenye mwavuli. Sisi tumezoea mkokoteni wa mizigo. Mtu kumvuta mtu mwenzake sikuwahi kuona. La pili ni chai yao ya maziwa inayouzwa barabarani katika vikombe vidogo vya udongo. Ukimaliza kunywa unakitupa kikombe chini, kinavunjika, kinarudi kuwa udongo.

Lakini msomaji asidhani kwamba Kolkata ni mji wa ombaomba tu. Ni mji wa wasomi. Kuna mtaa uitwao College Street ambako vibanda vya vitabu vipya na vikuukuu vimepangana barabara nzima, na wanafunzi wanabishana bei ya vitabu kama sisi tunavyobishana bei ya nyanya. Binti yangu alipaona akasema, "Mama, hapa nitakaa." Nikafurahi, na moyo ukaniuma papo hapo.

Mambo ya chuo yalikwenda haraka, isipokuwa chumba cha bweni. Tuliambiwa tusubiri siku sita. Binti alikuwa na semina za wanafunzi wapya kutwa nzima, nami sikuwa na la kufanya. Ndipo nikakumbuka Tabora.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Tangu utotoni nilizoea kuwaona masista wenye sari nyeupe ya pindo la buluu, wakitembea wawili wawili chini ya miembe huku midomo ikicheza kwa Rozari. Hao ni Wamisionari wa Upendo, shirika la Mama Teresa. Walifika Tabora mwaka 1968, na nyumba ile ilikuwa miongoni mwa za kwanza walizofungua Afrika. Sisi watoto tuliwaogopa kidogo, kwa kuwa waliwabeba wazee ambao watu wengine hawakutaka hata kuwagusa. Sasa nilikuwa katika mji walikotoka. Nikasema nitakwenda kuwaamkia.

NYUMBA YA MAMA

Makao makuu yao yako kando ya barabara kubwa iitwayo A.J.C. Bose Road. Usitazamie jumba la fahari. Ni jengo la ghorofa la rangi ya kijivu, mlango wake uko kichochoroni, na kelele za honi za magari zinaingia mpaka kanisani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ndani ya kikanisa hakuna mabenchi. Masista wanavua viatu na kukaa sakafuni. Ukutani pembeni ya msalaba yameandikwa maneno ya Yesu ya kuonea kiu, maneno ambayo yamo katika vikanisa vyao vyote duniani. Kaburi la Mama Teresa liko ghorofa ya chini, jeupe, halina mapambo, ila maua yaliyopangwa juu yake. Karibu yake kuna ngazi ya kupandia chumba chake. Ni chumba kidogo chenye kitanda chembamba, meza na bao la kukalia. Kiko juu ya jiko, kwa hiyo joto la moto linapanda humo mchana kutwa, naye hakutaka kuwekewa feni.

Nilisoma habari za maisha yake zilizobandikwa ukutani. Alizaliwa Skopje tarehe 26 Agosti 1910, katika familia ya Waalbania, akaitwa Gonxhe. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, mama yake akawalea watoto watatu peke yake. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, aliondoka nyumbani kwenda kuwa mtawa wa Loreto, na mama yake akamsindikiza mpaka kituo cha treni cha Zagreb. Hawakuonana tena. Mama huyo alifariki mwaka 1972 nchini Albania, wakati nchi hiyo ilipokuwa imefunga milango yake, na mtoto hakupata nafasi ya kwenda kumwona mzazi wake hata mara moja. Msomaji mwenzangu, niliposoma hayo nilikuwa na siku chache tu kabla ya kumwacha binti yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Alifika Kolkata Januari 1929, akafundisha katika shule ya wasichana kwa miaka mingi, mpaka akawa mkuu wa shule. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa katika treni ya kwenda Darjeeling, alisikia moyoni wito wa kutoka nje ya kuta za utawa aende kuishi na maskini. Ruhusa ilichukua karibu miaka miwili. Mwaka 1948 alivaa sari ya bei rahisi, ya aina wanayovaa wanawake maskini wa Bengali, akaenda kwanza Patna kujifunza uuguzi kwa masista wa tiba. Huko alieleza mpango wake kwamba yeye na wenzake watakula wali na chumvi tu. Wale masista wauguzi walimkataza kabisa. Walimwambia kwamba anayewahudumia wagonjwa asipokula vizuri, asipolala na asipopata siku ya kupumzika, atakuwa mgonjwa mwenyewe na kuwaongezea wengine mzigo. Alisikia, akabadili mpango. Jambo hilo nililiweka kichwani, na baadaye lilinifaa.

Desemba mwaka huo alianza shule katika mtaa wa mabanda uitwao Motijhil. Hakuwa na ubao wala chaki. Aliandika herufi kwenye udongo kwa kijiti. Mwaka uliofuata wasichana aliowahi kuwafundisha walianza kujiunga naye mmoja mmoja, na tarehe 7 Oktoba 1950 shirika lao likapata idhini ya Kanisa. Haba na haba hujaza kibaba: alipofariki tarehe 5 Septemba 1997 masista walikuwa karibu 4,000, katika nchi zaidi ya 120. Tarehe 4 Septemba 2016 alitangazwa mtakatifu.

NDOO, SARI TATU NA KENGELE YA ALFAJIRI

Mambo ya historia ni mazuri, lakini mimi ni mama wa nyumba, nilitaka kujua wanaishije. Sista mmoja Mhindi alinisaidia. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea, ingawa kwa kuchechemea.

Kengele yao hulia saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Wanasali, wanatafakari, kisha Misa saa kumi na mbili. Baada ya hapo ni chapati na chai, na usafi. Kila sista ana sari tatu. Moja ameivaa, moja imefuliwa, moja inashonwa ilipochanika au inangoja sikukuu. Ana ndoo yake ya kufulia na kuogea, sahani yake, ndara zake, msalaba na kitabu cha sala. Vitu vyake vyote vinaingia katika mfuko mmoja, na akihamishwa kwenda nchi nyingine anaubeba na kuondoka. Sari zenyewe hufumwa na wagonjwa wa ukoma katika kituo chao cha Titagarh, nje kidogo ya mji, kwa hiyo mtu ambaye jamii ilimtenga ndiye anayemvika sista nguo ya nadhiri zake.

Nadhiri zao ni nne. Tatu ni zile za watawa wote: useja, ufukara na utii. Ya nne ni kuwatumikia maskini wa mwisho kabisa kwa moyo wote na bure. Asubuhi wanatoka kwenda kwa watoto yatima, kwa wakoma, kwa wanaokufa. Mchana wanarudi kula na kupumzika kidogo, wanatoka tena, na jioni wanakaa saa nzima mbele ya Ekaristi. Kisha chakula cha usiku, mazungumzo na kicheko, sala, kulala. Kesho yake ni vile vile.

Nilimwuliza, "Sista, hamchoki?"

Akacheka. "Tunachoka sana, mama. Kwa hiyo tunalala."

KALIGHAT

Aliniuliza kama ningependa kusaidia. Mtu yeyote huweza kuandikisha jina na kujitolea hata kwa siku chache. Niliona aibu kukataa. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa na vijana wa mataifa mengi, tukinywa chai na kula mkate na ndizi, halafu tukapanda basi kwenda Kalighat.

Nyumba ya Kalighat inaitwa Nirmal Hriday, maana yake Moyo Safi. Iko ubavuni mwa hekalu la mungu wa kike Kali, hekalu kubwa la Wahindu ambako mpaka leo mbuzi hutolewa sadaka. Zamani jengo lile lilikuwa mahali pa kupumzikia wasafiri wa hija. Mwaka 1952 Mama Teresa aliwaomba wakuu wa mji mahali pa kuwaweka watu waliokuwa wakifia barabarani, wakampa hapo. Wenyeji wengine walilalamika mwanzoni, wakidhani amekuja kuwageuza watu dini. Lakini kila anayefia humo huzikwa au kuchomwa kwa taratibu za dini yake mwenyewe, awe Mhindu, Mwislamu au Mkristo.

Ni kumbi mbili, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, zenye vitanda vifupi vilivyopangwa kwa safu na kila kimoja kina namba. Hakuna harufu mbaya. Hilo lilinishangaza, kwa kuwa najua nyumba yenye mgonjwa wa kitandani inavyonuka. Sababu yake niliiona upesi, ni kufua. Tulikanyaga mablanketi katika matangi, tukasuuza, tukakamua wawili wawili kila mmoja akishika ncha yake, tukapandisha darini kuanika, mvua ikaja, tukaanua, tukaanika tena. Wanawake wa kazi waliitwa mashi, neno la Kibengali la kumwita dada wa mama. Hata mimi, siku ya pili, wagonjwa waliniita mashi. Nikajisikia kama niko kwetu, maana nasi mtu mzima yeyote hatumwiti jina tupu.

Sitaki kupamba. Nyumba hii imewahi kukosolewa. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet, aliandika baada ya kuitembelea kwamba uchunguzi wa magonjwa ulikuwa haba na dawa kali za kutuliza maumivu zilikosekana. Ni neno la haki, kwa maana upendo hauondoi haja ya daktari. Lakini daktari huyo huyo aliusifu usafi, uangalizi wa vidonda na wema alioukuta pale.

Siku ya tatu sista wangu wa Nairobi alinipa bakuli la wali laini wenye dengu, akanionyesha kikongwe mmoja wa kitanda cha pembeni. Alikuwa ameokotwa kituo cha treni. Hakuna aliyejua jina lake. Nikainama, nikapeleka kijiko. Akafumba mdomo.

Msomaji, nilisimama pale nikihisi kama mtu amenichezea mzaha. Nimevuka bahari, nimepanda ndege mbili, nimekuja kukutana na mdomo ule ule! Nikajaribu tena, akageuza uso. Mara ya tatu alipokea, akatema, chakula kikanimwagikia mkononi.

Lakini sikukasirika. Nilimfuta taratibu, nikamwimbia kidogo kwa sauti ya chini kama ninavyowaimbia watoto. Niligundua hilo mimi mwenyewe, na ndipo lilipoanza kunichoma. Kwa mgeni nisiyemjua jina nilikuwa na subira ya malaika. Kwa mwanamke aliyemzaa mume wangu, aliyewabeba watoto wangu mgongoni mmoja baada ya mwingine, nilikuwa na mkono mgumu.

Sista alikuja akachuchumaa karibu yangu. "Pole pole, mama," akasema. "Yeye hataki chakula. Yeye anataka wewe kukaa."

Nikaweka bakuli chini. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono. Tulikaa hivyo labda dakika kumi bila neno. Kisha akafungua mdomo mwenyewe, akala vijiko sita. Nilihesabu.

Wakati wa chai nilimweleza sista habari zangu zote, na kijiko, na kidevu, na mtoto mlangoni. Nilidhani atanionya. Aliniuliza swali moja tu: "Huyo mama wa nyumbani, wewe unamlisha peke yako miaka mitatu? Kila siku?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Hapa sisi tuko wengi. Saa sita mimi naondoka, mwingine anakuja. Wewe peke yako, si vizuri."

SIKU YA ALHAMISI

Alhamisi watu wa kujitolea hawaendi kazini. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikabaki chumbani nikisoma kitabu ambacho binti yangu alinichagulia College Street. Ni kitabu cha barua za Mama Teresa kwa waungamishi wake, kilichotolewa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Nilikichukua nikitarajia maneno matamu ya kutia moyo.

Haikuwa hivyo. Tangu alipoanza kazi ile mitaani, karibu na mwaka 1950, Mama Teresa aliacha kabisa kuhisi uwepo wa Mungu moyoni mwake. Si kwa mwezi au mwaka. Isipokuwa kipindi kifupi mwaka 1958, giza hilo lilidumu karibu miaka 50, mpaka kufa kwake. Aliwaandikia mapadre wake kwamba anasali na haoni jibu, kwamba watu wanadhani amejaa imani na upendo kumbe ndani ni pakavu. Aliogopa kuwa mnafiki. Aliomba hata barua hizo zichomwe, lakini hazikuchomwa. Mwaka 1961 padre mmoja, Joseph Neuner, alimsaidia kulielewa giza lile si kama adhabu bali kama sehemu ya kazi yenyewe: kwamba anashiriki upweke wa wale anaowahudumia, na ule wa Yesu msalabani. Giza halikuondoka. Aliacha tu kupigana nalo.

Nilifunga kitabu nikatazama mvua. Nilifikiri juu ya ile kengele ya saa kumi na dakika arobaini. Kila alfajiri kwa karibu miaka 50 mwanamke yule aliamka, akapiga magoti mbele ya Mungu asiyemhisi, kisha akachukua ndoo akaenda kuosha vidonda. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba kwa kuwa sihisi chochote, basi sina imani, na kwamba kila shuka nililofua bila upendo moyoni lilikuwa uongo. Kumbe mtu anaweza kuwa mkavu na bado akawa mwaminifu. Kukauka kwangu hakukuwa dhambi.

Lakini mkono mgumu ulikuwa dhambi. Hayo ni mambo mawili, nami nilikuwa nimeyachanganya. Nilijilaumu kwa lile nisilolimudu, nikajisamehe lile nililolimudu.

Siku mbili zilizobaki nilirudi Kalighat. Jumamosi nilipofika, kitanda cha pembeni kilikuwa na mgonjwa mwingine. Mashi mmoja aliinua kiganja juu kuonyesha mbinguni. Nilifua mablanketi.

Jumapili chumba cha bweni kilipatikana. Nilimtandikia binti yangu kitanda, nikamfunga kilemba changu kichwani kwa mzaha, tukacheka, tukalia. Nilimkumbuka yule mama wa kituo cha Zagreb. Mimi nilikuwa na simu mkononi, yeye hakuwa na kitu.

KURUDI NYUMBANI

Mwaka 1979, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo, Mama Teresa aliwaambia waliokuwapo kwamba upendo huanzia nyumbani, na kwamba maskini wa kwanza wa kutafutwa wako ndani ya nyumba zetu. Wengi wetu tumeyasikia hayo mpaka tumeyazoea. Kwangu mimi yalikuwa na uso na namba ya kitanda.

Niliporudi Morogoro nilifanya mambo matatu. Kwanza nilimweleza mume wangu ukweli wote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ni mama yangu, nami nimekuachia." Tangu siku hiyo kumgeuza mama usiku ikawa kazi yake. Pili tulimwomba wifi awe anakuja juma moja kila miezi miwili, akakubali, maana kwa majuma yale mawili alikuwa ameuona mzigo. Nilikumbuka masista wa Patna: anayehudumia lazima ale, alale, apumzike. Kuna akina mama wanaodhani kuchoka mpaka kuugua ndiyo utakatifu. Hata Mama Teresa alikatazwa. Tatu, kabla ya kugusa kijiko, nilikaa kwanza. Dakika tano, mkono wake katika mkono wangu. Siku nyingine alikula. Siku nyingine alitema vile vile, nami nikafuta.

Je, mapendo ya mwaka wa kwanza yalirudi? Nisikudanganye, msomaji. Mara chache yalirudi, mara nyingi hayakurudi. Sala zangu zilibaki kavu kwa muda mrefu. Lakini sikuuma meno tena, na mkono wangu haukuwa mgumu tena. Mama alifariki Februari 2020, usiku, mume wangu akiwa amemshika.

Iwapo nawe una mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, awe mzazi, mume au mtoto, na moyo wako umekauka, usikimbilie kujihukumu. Fua shuka la leo. Omba msaada bila aibu, maana hata masista wanapokezana. Na kama mkono wako umekuwa mgumu, tubu, kisha ukae.

Nimalizie na mwanangu yule wa mlangoni. Miezi michache baada ya safari nilimwita, nikamwomba radhi kwa alichokiona siku ile. Alitazama chini, akasema, "Nilijua ulikuwa umechoka, mama." Kisha akauliza kama anaweza kujaribu yeye. Nikampa bakuli. Alipanda kitandani kando ya bibi yake, miguu ikining'inia, akaanza kumsimulia habari za mpira wa shuleni. Uji ulipoa kabisa. Bibi akaufungua mdomo.